Namba Zinazoishia Tatu na Nane

Mwanangu amepata kazi hospitali kuu, idara ya kompyuta, meza yake mwenyewe na kiti kinachozunguka! Haya, sasa niandike tarehe kama watu: Jumatatu, 2 Machi. Hujambo daftari, usinune. Ungekuwa umezaa binti kama wangu, na wewe ungesahau salamu.

Daftari lenyewe kanipa yeye. Alisema, "Mama, kila jioni unanisimulia mpaka nasinzia na kijiko mdomoni. Andika, nitakuwa nasoma siku za mapumziko." Basi naandika. Niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu mwalimu aliusifu mbele ya darasa zima, na anayebisha aje aone hapa.

Kwa wajukuu watakaosoma baadaye: mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi kwenye baraza ninayochangia na Fundi, mshonaji wa cherehani, mwaka wa kumi na moja sasa. Kifungo kikikatika ndooni mwangu, Fundi anakishona bila kuulizwa. Shati lake likichafuka, nalitumbukiza bila kuulizwa. Anaishi na dada yake mkubwa, ambaye mtaa mzima tunamwita Shangazi. Fundi ana uvimbe shingoni. Ulianza kama punje ya mahindi, sasa ni yai. Daktari kasema utakatwa na atapona, ila mapema, usiachwe ukakomaa. Aende nyumbani asubiri, ataitwa kwa barua pepe kwenye simu yake. Nikamwambia, "Fundi, barua hiyo ataituma mwanangu." Akacheka, "Basi nimeshapona, Mama Kompyuta."

Jina hilo nimelipenda.

Jumatano, 4 Machi

Leo nimeelezwa kazi yenyewe, na nimeielewa. Hospitali inatuma maelfu ya barua: majibu ya vipimo, tarehe za kliniki, wito wa upasuaji. Zikitoka zote kwenye anwani moja ya seva, ile kompyuta inayotuma, wanaopokea barua upande wa pili wanashtuka, wanadhani ni matapeli, wanazuia. Kwa hiyo mwanangu kaandika programu fupi, wao wanaiita skripti, inayozigawa barua hizo kwenye anwani tano. Nilipokunja uso akaniletea lugha ya nyumbani.

"Mama, chukulia nyumba ina milango mitano. Ukitoa umati wote kwa mlango mmoja, majirani wanaita polisi. Ukiwatoa kidogo kidogo kila mlango, nani atashtuka?"

"Na nani anaamua huyu apite mlango upi?"

"Namba ya faili. Kila mgonjwa ana mlango wake, habadilishiwi. Nikitaka kumfuatilia najua kapita wapi."

Nikamwambia akili hiyo ameitoa kwangu. Mimi kila mteja nguo zake nazishonea namba kwa uzi mwekundu ndani ya kola, na kila namba ina kamba yake ya kuanikia. Hakubisha. Angebishaje?

Ijumaa, 6 Machi

Mvua imeanza. Nguo za wateja watatu zimelowa upya.

Jumanne, 10 Machi

Leo skripti imejaribiwa, na aliyejaribiwa ni mimi! Alitumia kadi yangu ya kliniki ya presha. Simu ikalia nina pasi mkononi, nusura niunguze shati la karani: "Huu ni ujumbe wa majaribio." Nimemsomea Fundi, nimemsomea Shangazi, nimemsomea muuza mkaa, na mwalimu mstaafu aliyekuwa anapita zake tu. Mwanangu akajitumia na yeye mwenyewe, ikafika.

"Mbili kwa mbili," nikawatangazia. "Haikosei."

Fundi, uzi mdomoni, akasema, "Mgema akisifiwa..."

"Malizia uone. Pasi hii bado ya moto."

Tumecheka. Sauti yake imeanza kukwaruza.

Alhamisi, 19 Machi

Fundi kauliza, "Barua bado?" Nikasema bado, lakini iko njiani. Nilijuaje kuwa iko njiani? Nilijua tu.

Jumatatu, 23 Machi

Mvua siku ya nne. Nimefunga kamba ndani, nguo zinaning'inia chumba kizima. Napita katikati yake nimeinama kama mwizi.

Ijumaa, 27 Machi

Mwalimu mstaafu kapata wito wake wa ngiri! Nimetembea mtaa mzima kuwaambia, utadhani mimi ndiye nitakayekatwa. Niliporudi Fundi alikuwa ameshika simu yake kama anavyoshika kitambaa kutafuta upande wa juu, anaigeuza, anaigeuza.

"Mama Kompyuta, mbona yangu haiji?"

"Umefungua vizuri?"

"Nimefungua."

"Labda umeifuta. Nyie wanaume vidole vyenu ni kama koleo."

Kaenda kukanyaga cherehani.

Jumatano, 8 Aprili

Leo nitaandika sana maana moyo hautulii.

Fundi alienda mwenyewe hospitali, dirishani, kwenye mvua, na mwavuli wa Shangazi. Karudi saa saba kalowa mpaka soksi. Akakaa kwenye kigoda, akasema kwa hiyo sauti yake ambayo sasa ni kama karatasi inakunjwa: "Wanasema niliitwa mara mbili sikuja. Wameniandika hakufika. Wamenirudisha mwisho wa foleni."

Shangazi kapiga kelele. "Uliitwa na nani? Mimi nalala na kuamka na huyu mtu, kaitwa saa ngapi?"

"Kwa barua," akasema Fundi.

Wakanitazama wote wawili. Sasa ningefanya nini? Ningesema ndiyo, huenda mtoto wangu kakosea? Ana mwezi mmoja tu kazini! Nikachukua simu yake, nikafungua, nikapekua. Hakuna kitu. Nikampa na kusema maneno haya, nayaandika kama nilivyoyasema: "Fundi, barua ya mwanangu inafika. Yangu ilifika, ya mwalimu imefika. Kama wewe huna, basi umeifuta mwenyewe, na ukweli ndio huo. Usimtafutie mtoto wa watu balaa."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Alipoondoka nikaona kigoda kimebaki na umbo la maji pale alipokaa. Nilikifuta. Baadaye nikakuta kimelowa tena. Paa linavuja, bila shaka.

Mwanangu sikumwambia. Alirudi kachoka, nikamwekea chakula.

Jumapili, 12 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 16 Aprili

Fundi hasemi tena. Akitaka kitu anaonyesha kwa kidole. Anakunywa uji kwa mrija.

Jumanne, 21 Aprili

Leo kaandika kwa chaki ya kushonea, kwenye kipande cha kitambaa cheusi, herufi kubwa: BADO? Akakiinua juu ya cherehani ili nikione nilipo. Nikatikisa kichwa. Akakifuta kwa kiganja, akaendelea na kazi. Baada ya saa moja akaandika tena. Nikatikisa. Akafuta. Mara nne leo. Sikuwa na hasira naye hata kidogo, ila nilihamisha meza ya pasi nikaielekeza ukutani.

Jumapili, 26 Aprili

Fundi amefariki. Saa nne asubuhi, pumzi ilikosa pa kupita. Shangazi ndiye alikuja kuniita, nami nilikuwa nimeshika shati lake yeye Fundi, bichi, natafuta pa kulitundika.

Ijumaa, 1 Mei

Nimefua. Sijui nimefua nini.

Jumatatu, 4 Mei

Naandika mchana, nataka mwanga uwepo. Mvua haijakatika wiki nzima na chumba kimejaa mashati. Yananing'inia mikono chini, yananielekea mimi yote, ingawa najua nilivyoyatundika. Nimeyageuza. Nilipotoka kuchota maji nikarudi, moja lilikuwa limegeuka. Upepo wa mlangoni. Lilikuwa shati la Fundi. Halijakauka tangu siku ile. Mengine yote ya siku ile yamekauka, yamepigwa pasi, yameondoka.

Na ile sauti ya matone kwenye ndoo inasema neno moja. Sitaliandika.

Jumatano, 6 Mei

Muuza mkaa kaja barazani anafoka. Mama yake mzazi anasubiri upasuaji wa jicho. Kaenda dirishani, kaambiwa, "Aliitwa mara mbili hakuja."

Maneno yale yale. Niliweka pasi chini.

"Simu inayopokea barua ni ya nani?" nikamuuliza.

"Yangu mimi, na kila siku naichungulia. Mama Kompyuta, unanitazama hivyo kwa nini? Mimi si mzuka."

Alhamisi, 7 Mei

Nimezunguka nyumba kwa nyumba kuomba kadi za hospitali za watu wanaosubiri barua. Walidhani nimepewa cheo. Muuza mkaa kasema, "Mtoto kaajiriwa, mama ndiye anafanya kazi." Nikachukua kadi ya mama yake, nikaendelea mlango wa pili.

Nimezipanga kwenye meza ya pasi kama ninavyopanga nguo. Upande huu waliopata barua, upande huu wasiopata. Mtu anayeshona namba miaka yote hii haangalii jina, macho yanakwenda kwenye namba yenyewe. Waliopata: zinaishia moja, sita, tano, sifuri, nne, mbili, saba. Wasiopata: mama wa muuza mkaa, tatu. Mwenye duka la viatu, nane. Kijana wa bomba la maji, tatu. Yule mama mjamzito wa kona, nane.

Nikamwendea Shangazi, nikamwomba kadi ya marehemu. Sikumwambia kwa nini. 40568.

Nane.

Yangu inaishia tano. Ya mwanangu inaishia moja. Mbili kwa mbili, nilisema.

Ijumaa, 8 Mei

Alivyorudi kazini nilikuwa nimezipanga kadi mezani. Hata viatu hajavua.

"Mwanangu, tatu na nane zinapita mlango upi?"

"Mlango gani?"

"Milango yako mitano."

Akafikiri. "Wa nne. Zote mbili, wa nne. Kwa nini?"

Nikamwonyesha. Akazitazama, akanitazama, uso ukafunga. "Mama, umeniletea kadi za watu kama hakimu? Kila kitu kinaonyesha zimetumwa. Nimeona kwa macho yangu: imetumwa, imetumwa, imetumwa."

"Kutumwa na kufika ni ndugu?"

Akafungua kompyuta kwa hasira, ya kunionyesha mimi. Nikasimama nyuma yake. Vidole vikaenda kasi, vikapungua, vikasimama. Nilimzaa mimi, najua mgongo wake. Ule mgongo ulikuwa wa siku aliyopotea sokoni akiwa na miaka mitano.

Alinieleza polepole kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Anwani za seva zinakodishwa. Ile ya nne, kabla ya hospitali, ilikodishwa na tapeli fulani aliyekuwa anatuma barua za wizi. Kahama, anwani imebaki na jina lake baya. Kila barua inayotoka mlango ule, upande wa pili wanamwona yule wa zamani, wanaikataa. Na zikikataliwa zinarudi kwenye sanduku ambalo hakuna aliyepangiwa kulifungua. Leo kalifungua. Barua elfu moja na mia tatu. Ndani yake, watu tisini na mmoja walioitwa kwa upasuaji.

"Ningezungusha milango," akasema, "mtu akikosa leo angepata kesho kwa mlango mwingine. Mimi nikampa kila mtu mlango wake. Nilitaka iwe safi, Mama. Kama kamba zako."

Nilitaka kumwambia si kosa lake. Nilishawahi kumwambia mtu ni kosa lake, kwa wepesi ule ule, kwa hiyo nikamshika mabega tu.

Jumatatu, 11 Mei

Mkuu wao wa idara kamwambia: ufunge mlango wa nne, zitume tena zote kwa milango minne, na mdomo ufungwe. Kipindi chake cha majaribio kinaisha mwezi huu, kamkumbusha. Mwanangu kasema atazituma kesho asubuhi. Hakugusa chakula. Nami, Mungu anisamehe, nikafurahi. Nikasema moyoni, basi yameisha, Shangazi hana haja ya kujua.

Jumanne, 12 Mei

Saa tatu asubuhi, manyunyu. Nilikuwa nakanda wanga wa kukazia nguo. Shangazi kaja na simu ya marehemu mkononi. Anaiweka chaji kila siku kwa sababu wateja wanapiga kuulizia nguo zilizobaki.

"Imelia mara tatu mfululizo," akasema. "Miwani yangu na hizi herufi hawasalimiani. Nisomee, labda ni yule mwenye koti la kijivu."

Nikafuta mikono. Nikaichukua. Mwanga wa kioo ulinipiga usoni na jina lake lilikuwa pale juu, jina lake kamili, ambalo miaka kumi na moja sikuwahi kumwita.

"Mgonjwa mwenye faili namba 40568. Unaitwa kufika kwa upasuaji, Jumanne tarehe 17 Machi, saa mbili asubuhi."

Hiyo niliisoma kimya. Uongo ulikuwa umeshavaa viatu, uko mlangoni: ni matangazo ya kampuni ya simu, Shangazi, wanatusumbua sana hawa. Nilifumbua mdomo. Cherehani ya Fundi ilikuwa pale imefunikwa shuka, na nakuambia daftari, nilisubiri kitambaa cheusi kiinuke juu yake.

Nikasoma kwa sauti. Ya kwanza. Ya pili, tarehe 31 Machi. Ya tatu, Ijumaa tarehe 24 Aprili, siku mbili kabla.

"Soma tena," akasema Shangazi. Nikasoma tena zote tatu.

"Zilikuwa wapi?"

Nikamwambia. Mlango wa nne, tapeli aliyehama, namba, sanduku, mwanangu. Sikuruka kitu. Mwisho nikamwambia maneno niliyomwambia Fundi ile siku ya mwavuli, kwamba kafuta mwenyewe.

Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya kawaida kabisa, na ndiyo iliyonimaliza.

"Ile siku usiku aliniambia, 'Dada, labda kweli nilifuta. Nisamehe nimekusumbua bure.' Kafa anajua kosa ni lake."

Nililia pale pale kwenye wanga. Hakunigusa, wala hakuondoka.

"Wengine wangapi?" akauliza.

"Tisini, ukimtoa yeye."

"Na hao leo wamepata barua hizi hizi? Za tarehe zilizopita?"

Mimi na mwanangu na mkuu wao na viti vyao vinavyozunguka hatukuliona hilo. Watu tisini wameitwa leo waende hospitali mwezi wa tatu. Watacheka, watafuta.

"Wako hai?"

"Sijui, Shangazi."

"Hujui, na umekaa hapa unalia? Nyanyuka. Mpigie mtoto wako."

Jumatano, 13 Mei

Mwanangu alinisikiliza simuni jana bila kunikatiza. Leo kampita mkuu wake, kaenda moja kwa moja kwa daktari mkuu na orodha ya karatasi, kasimama, kasema mbele ya watu: "Mfumo ni wangu, kosa ni langu, hawa hawakugoma kuja, hawakuitwa." Kanisimulia akiwa bado mlangoni. Hajui kama kazi itabaki.

Nimejisifia mtoto huyu tangu alipoota jino. Kutembea mapema, kusoma mapema, cheti, kiti. Leo sikumwambia mtu yeyote. Nimekaa na jambo hilo peke yangu kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga wa mwingine.

Jumapili, 17 Mei

Tunawatafuta. Mwanangu na manesi wawili wanapiga simu, mmoja mmoja, kwa sauti ya mtu, hakuna skripti. Wasiopatikana, mimi na Shangazi tunawafuata kwa miguu kwenye matope. Kwa kila mlango namwacha yeye aanze. Anasema, "Mimi ni dada wa mtu aliyekosa barua kama wewe." Wanatukaribisha ndani upesi.

Nyumba mbili leo tumekaribishwa ndani na kuonyeshwa picha ya marehemu ukutani.

Alhamisi, 21 Mei

Mvua imepungua lakini shati la Fundi bado bichi. Nimemwambia Shangazi. Hakushangaa. "Nipe," akasema, "nitakaa nalo hivyo hivyo." Kalikunja likiwa linadondosha maji, kaondoka nalo kifuani.

Jumatatu, 25 Mei

Hesabu ya watu imekamilika. Sita wametangulia, simu zao zikapokelewa na wajane na watoto. Pamoja na Fundi ni saba. Mwanangu kayaandika majina yote saba kwa mkono, kakataa kuyafuta kwenye orodha. Mkuu wake haongei naye. Daktari mkuu kasema la kazi litaamuliwa baadaye, kwanza watu waonwe.

Waliobaki ni themanini na nne. Kila mmoja kajibu kwa mdomo wake kwamba kasikia, na mwanangu kawarudishia tarehe mara mbili mbili mpaka kijana wa bomba kamwambia, "Dada, nimeelewa, si unioe kabisa." Madaktari wanne wameacha mapumziko yao ili wawaone wote na kuwapangia upasuaji. Mama wa muuza mkaa atashikwa mkono na mwanawe. Mjamzito wa kona atakuja na mumewe. Shangazi kaniuliza kama wale saba nao wamewekewa viti pale hospitali. Nikasema sijui. Akasema yeye atakuja mapema akae kwenye kimoja, na atakayemwambia ainuke amwambie vizuri.

Mimi nitakuwa kwenye geti la hospitali na orodha, nasoma namba kwa sauti, naanza na zinazoishia tatu, halafu nane. Wote wanakuja Jumamosi, tarehe thelathini Mei, saa moja na nusu asubuhi.